Pawabenki ya Koki

Tangu saa nne asubuhi simu ya Mama Kasiva ilikuwa ikinyonya pawabenki ya Koki, na Koki hakuwa na mdomo wa kumkataza. Huku Marungu mwenye chaji ni wa wote. Sasa jua linaelekea milimani, kisanduku kinachopeleka umeme kwenye fensi ya shamba kiko wazi mezani kibandani, waya mmoja ndani umeachia, na chuma kidogo cha Koki cha kuungia waya kwa solda, chembamba kama kalamu, kimepata joto kidogo kisha kikazima. Pawabenki imekauka.

"Kwani hiyo kalamu inakula kuliko simu yangu?" aliuliza Mama Kasiva.

"Inakula kwa pupa," Koki alijibu akitazama chini. "Ndiyo maana inataka chaji ya kasi."

Nje, waya wa fensi ulilia ting!

Walichungulia kwenye tundu la mabati. Ndovu dume alikuwa ameushusha waya kwa mguu akapita, na waya ukarudi juu nyuma yake. Alisimama katika ndengu za Mama Kasiva, hatua kumi kutoka kwenye kibanda. Wenzake sita walibaki ng'ambo ya waya wakimtazama. Kibanda kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulimwelekea yeye.

"Ndengu zimebakiza wiki moja zivunwe," Mama Kasiva alinong'ona. "Hao wengine wakimfuata, hakuna shamba. Na sisi tuko humu kama kuku kwenye tenga."

Koki aliitazama betri kubwa ya fensi chini ya meza. Sola ya juu ya paa ilikuwa imeishibisha mchana kutwa. Imeandikwa volti 12. Shule aliiacha darasa la sita, lakini namba hazikumwacha. Nyuma ya chuma cha solda kulikuwa na tundu la duara ambalo hakuwahi kulitumia, na kando yake iliandikwa 12 pia. Redio ya Mama Kasiva ilining'inia msumarini, na waya wake ulikuwa na ncha ya duara ya kuingia tundu kama hilo.

"Mama Kasiva, nikate waya wa redio?"

"Kata hata nywele zangu, mwanangu."

Akikosea waya mwekundu na mweusi, chuma kitakufa, na hakuna kingine. Alipima mara mbili, ndipo akauunga kwenye betri. Kilipata moto polepole. Dume alijikuna ubavu kwenye mabati, kibanda kikainama, meza ikateleza. Koki aliikumbatia meza kwa mkono mmoja, kwa mwingine akagusisha chuma kwenye waya ulioachia. Solda iliyeyuka, ikang'aa, ikashika.

Aliiunganisha tena betri na kisanduku. Ikabaki swichi.

"Washa!" alisema Mama Kasiva. "Washa, wale wasiingie!"

Kidole kilikuwa tayari. Lakini akiwasha, sita watabaki nje na huyu atabaki ndani, upande wa kibanda. Atagusa waya, apigwe shoti, arudi na hasira zake hapa mlangoni.

"Hapana, Mama Kasiva."

"Umesemaje?"

"Hapana. Atoke kwanza."

Mama Kasiva alimtazama kama vile kiti kimesema. "Na wale wakiingia?"

"Wakiingia, wameingia."

Dume alimaliza mstari mmoja wa ndengu, akaanza wa pili. Koki hakupepesa jicho. Kidole kilikaa juu ya swichi. Mwishowe jike mmoja ng'ambo alinguruma, akageuka kwenda zake, na wengine wakamfuata. Dume aliinua kichwa. Alirudi kwenye waya bila haraka, akaushusha, akavusha mguu, na mwingine, na mwingine.

Koki alingoja ule wa nne, ndipo akabonyeza swichi.

Tak, kikasema kisanduku. Tak. Tak.

Wote wawili walikaa wakikisikiliza, na hakuna aliyegusa mlango.