Nantes Iko Mkoa Gani?

Solenn alikuwa amechoka, amechoka hasa. Majira yote ya baridi alikuwa akimfundisha binti yake Enora mikoa ya Ufaransa, mito yake, wafalme wake na jibini zake, na kila alichojenga yeye, baba mkwe wake alikibomoa mezani.

"Nantes iko mkoa gani?" Solenn aliuliza kwa mara ya mia.

"Pays de la Loire," Enora akajibu.

"Uongo mtupu!" Mzee Goulven akadakia, mdomo umejaa chapati ya ngano nyeusi. "Nantes ni Bretagne! Ngome ya watawala wa Bretagne iko wapi? Si hapo mjini? Au waliijenga ugenini? Wakubwa wa Paris wametukata kwa kalamu na kututia mkoa mwingine, na wewe unamfundisha mtoto kuwapigia makofi."

"Baba, mimi sikumkata mtu. Nataka mtoto ashinde, basi."

"Ashinde kwa uongo?"

Solenn akainuka kuosha vyombo kabla hajasema neno la kujutia. Mshindi wa mashindano ya maswali ya shule angepelekwa mji wa Strasbourg wiki nzima, na Enora hakuwa akiota kingine. Siku yenyewe ilipofika, Solenn alimkalisha mzee ubavuni pake ukumbini.

"Ole wako ufungue mdomo, Baba."

"Nimeufunga. Ila jina la mkoa ule halitanitoka kinywani mpaka naingia kaburini. Hilo ulijue."

Enora alijibu vizuri mpaka akabaki na mpinzani mmoja tu, wakiwa sare. Mwalimu akamuuliza swali lake la mwisho.

"Ngome ya watawala wa Bretagne iko mji gani, na mji huo leo uko mkoa gani?"

Ukumbi ukaangua kicheko, maana ugomvi huo kila mtu aliujua. Wengine wakapiga miluzi.

"Nantes," alisema Enora. Kisha akanyamaza, macho yakimtafuta babu yake.

Sema tu, mwanangu, sema, Solenn aliomba kimoyomoyo.  Kando yake mzee alidhani mtoto ataitupa safari kwa ajili yake. Ghafla akasimama.

"Pays de la Loire, mjukuu wangu! Sema Pays de la Loire!"

 Wazee wenzake waliokaa nyuma, aliopiga nao kelele barabarani miaka nenda miaka rudi wakidai Nantes irudishwe Bretagne, walimkodolea macho kama msaliti. Mwalimu akatikisa kichwa: anayesaidiwa na watazamaji ameshindwa.

Solenn alitamani kumkaba. Miezi yote ile, halafu leo! Leo ndipo ameamua kulijua jibu!

Enora akashuka jukwaani analia.

"Babu, nilikuwa nalijua. Nilikuwa nakutazama nikuombe radhi kwanza, ndipo niseme."

Mzee Goulven akaketi taratibu. Wenzake walipita bila kumsalimia, na Solenn, aliyekuwa na maneno tele ya kumwambia, akasogeza kiti chake karibu na cha mzee.