Kibao Kinachosubiri Kazi

Shemeji yake Fundi alikuwa na mdomo, hilo tusimnyime. Alisimama mbele ya mashine ya kutotolesha vifaranga, akakiinua kile kibao cha kompyuta cha kuongoza joto lake, kisichozidi kidole gumba. "Hiki nimekitolea jasho miaka mitatu!"

Mwongo mkubwa! Jasho lilikuwa la mdogo wa mkewe, waliyemzoea kwa jina la Fundi, aliyekaa nyuma kabisa, laptop mapajani, roho ikimchemka. Wiki iliyopita shemeji na mkewe walikuja kumsalimia, wakanywa chai, na shemeji akaondoka na kibao mfukoni, kikiwa kinafanya kazi kwa betri. Aliyemfungulia chumba cha kazi ni huyo huyo mkewe, dada yake Fundi wa tumbo moja. Ndiye pia aliyempigia Fundi simu kumwalika leo kwenye maonyesho haya. Dharau ilioje! Sasa yuko safu ya mbele, anapiga makofi.

Fundi hakugomba. Alijua kitu ambacho mwizi hakukijua. Kumbukumbu ya kibao ni ndogo mno, haibebi programu nzima, kwa hiyo alikizoesha kupokea kazi moja moja kutoka kwenye laptop yake, kupitia mtandao wa simu: pima joto, washa feni, toa taarifa. Kikizimwa kinasahau yote. Kikiwashwa kinaomba upya.

Mwenye mashine, mama asiyependa maneno mengi, akakuna shingo. "Huku umeme unakatika kila siku. Hebu kizime, kisha ukiwashe."

"Bila wasiwasi, mama."

Akazima, akawasha. Kioo kidogo kikaandika: NASUBIRI KAZI. Feni iliyokuwa ikizunguka ikasimama. Akakibonyeza, akakipuliza, akakigongagonga kama tochi mbovu. NASUBIRI KAZI.

"Kinaisubiri kutoka kwa nani?" mama akauliza.

Hapo jasho la kweli likamtoka. Macho yakazunguka chumba mpaka yakamkuta Fundi, naye akatabasamu, jamani, tabasamu alilolitunza wiki nzima.

"Kipe kazi, shemeji. Si chako?"

"Shemeji, tafadhali..."

"Tafadhali nini? Sema ni cha nani."

"Chako," akanong'ona.

"Huku nyuma hatusikii."

"Ni chako! Nilikichukua nyumbani kwako!"

Fundi akabonyeza kitufe kimoja. Feni ikanguruma, joto likaandikwa kiooni, na yule mama akavuta kiti, akaja kukaa karibu naye. Utamu wake hausemeki! Shemeji alitafuta mlango kwa haraka hata akajikwaa kwenye waya.

Ikabaki zamu ya dada. Fundi akamfuata, maneno makali yako tayari ulimini. Dada alikuwa bado ameinua mikono yake ya makofi, imekwama hewani.

"Aliniambia mmeungana kwenye kazi hii, mdogo wangu," akasema. "Ningekualikaje kama ningejua? Muda wote ule nilikuwa nangoja akutaje."

Fundi akayameza yale maneno yake makali. Akaishika ile mikono iliyokwama hewani, akaishusha polepole.