Wufa ya Mwarandu

Redio ya boti ya Mwarandu ilikufa wiki ya Pasaka, na haikufa kwa amani. Kwanza ilikohoa. Kisha ikawa inasoma taarifa ya habari kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mwisho chumvi ikala waya za ndani, ikanyamaza kabisa, na Mwarandu alipoifungua aitazame, skrubu zilimvunjikia mkononi kama biskuti.

Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, yenye injini moja na turubai la kivuli, nayo ikiitwa Tulizana. Mwarandu ndiye aliyekuwa nahodha. Mkewe, Jumwa, ndiye aliyetafuta wageni, akapika samaki, akajibu simu na kuamua mambo. Walikuwa wakiwachukua watu ufuoni Shanzu na kuwapeleka kwenye fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa, huko ndani ya miamba ambako bahari ni shwari. Watu waliogelea, wakala, wakarudi. Lakini siku hizi mtu hapandi boti kwa sababu ya bahari tu. Boti za wenzao zilipita zikiimba, na wageni waliokuwa wameketi ndani ya Tulizana wakawa wanageuza shingo kuzifuata.

Hapo ndipo Roseline alipopiga simu. Alikuwa muuguzi anayeishi Port Reitz, anatimiza miaka hamsini Jumamosi, na alitaka kusherehekea baharini na wenzake wa kazini.

"Mama, mimi nataka kucheza," alimwambia Jumwa. "Kama hamna muziki niambie mapema, nikachezee sebuleni kwangu."

"Muziki upo," Jumwa akasema, huku akiitazama maiti ya redio juu ya meza.

Kesho yake wakaenda Kisauni, kwa Kimani. Huyu Kimani alikuwa kijana wa Murang'a aliyehamia pwani kuuza na kufunga spika za magari ya matatu. Duka lake lilikuwa dogo kiasi kwamba mteja wa tatu alisubiri nje.

"Karibu mzee, karibu mathe. Mnataka kitu ya nyumba ama ya gari?"

"Ya boti," akasema Mwarandu.

Kimani akawatazama mmoja mmoja. "Boti ya kwa maji?"

"Kwani ziko boti za wapi tena, mwanangu?" Jumwa akauliza.

Kimani akacheka, akapanda kiti, akateremsha boksi lenye vumbi. Ndani mlikuwa na spika mbili nyeupe za mviringo, kila moja kama sahani ya chai. Alisema zimetengenezwa makusudi kwa ajili ya baharini: koni ni ya plastiki, skrubu hazishiki kutu, na jua haliwezi kuzipasua. Kuna mtu aliziagiza, kisha hakuonekana tena.

Jumwa alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao, na sikio lake halikudanganyika. Aliomba awekewe wimbo wa kwaya, akafumba macho.

"Nasikia hata yule anayevuta pumzi kabla ya kiitikio," akasema. "Hizi zatosha."

Lakini Mwarandu hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku jeusi pembeni mwa duka, sanduku lililovishwa zulia, linalomfikia kiunoni.

"Na hii?"

"Ah, mzee, umeona!" Uso wa Kimani ukang'aa. "Hiyo ni wufa. Hiyo ukiweka kwa matatu, abiria wanasahau kushuka."

Akaiwasha. Taa za buluu zikazunguka ukingoni mwake, na besi ikatoka. Glasi ya chai ya Kimani ikaanza kutembea yenyewe juu ya kaunta. Mama wa duka la jirani akagonga ukuta. Mwarandu akaweka kiganja kifuani, akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Jumwa! Yanipiga hapa."

"Ugonjwa wa moyo nao hupiga papo hapo," Jumwa akasema. Akachukua chupa ya maji ya Kimani na, kabla mtu hajauliza, akaimwagia ile spika nyeupe iliyokuwa ikiimba. Kimani akapiga kelele. Spika haikupiga chafya. Iliendelea na ubeti wa pili.

"Sasa tumwagie na hiyo," Jumwa akasema, akigeukia wufa.

Kimani akaikumbatia kwa mikono miwili. "Hii zii, mathe! Koni ya hii ni karatasi!"

"Basi maneno yameisha."

"Hayajaisha," Mwarandu akadakia. "Turubai si lipo? Mvua itapita wapi? Na hivyo visahani vyako, watu hamsini wakipiga vigelegele vitasikika?"

"Watu hamsini watakuwa wanafanya nini kwenye boti ya watu kumi na wawili?"

Walibishana hadi mama wa jirani akagonga ukuta tena, safari hii kwa ajili yao. Mwishowe Kimani ndiye aliyewapatanisha. Angekuja Shanzu Jumamosi asubuhi afunge aina zote mbili. Wangezijaribu majini, watakazozipenda wabaki nazo, na nyingine irudi dukani.

"Ikirudi kavu, lakini," akasema.

"Itarudi kavu," Mwarandu akaahidi.

Jumamosi, Kimani alifika na mkoba wa vifaa na viatu vyeupe ambavyo hakutaka viguse maji. Ikabidi Mwarandu ambebe mgongoni hadi botini. Spika nyeupe zilipata nafasi upesi, moja kila upande chini ya turubai. Wufa ndiyo iliyosumbua. Ikiwekwa nyuma, inaziba njia ya injini; ikiwekwa katikati, wageni watakanyagana. Mwishowe wakaisukuma mbele chini ya usukani, ikakaa hapo barabara, shubiri moja tu kutoka kwenye ile dira ndogo aliyoifunga Mwarandu na ambayo, kusema kweli, hakuwa akiitazama mara nyingi. Ufuo wa Shanzu ulionekana kila wakati. Nani atazame dira kwenda mahali anapopaona?

Roseline na wenzake walikuja wamevaa taji za karatasi ya dhahabu juu na jaketi za kujiokolea za rangi ya chungwa chini. Mwarandu akawasha wufa, na wale wauguzi, watu wa heshima ambao kutwa huwaambia wengine wanyamaze wodini, walirusha mikono juu wakaanza kucheza. Boti ikalala kulia, ikalala kushoto. Kimani akashika nguzo ya turubai kwa mikono yote miwili, uso umegeuka rangi ya majivu.

"Mzee, hii kitu inaanguka!"

"Hiki kitu," Jumwa akamsahihisha kwa upole. "Na hakianguki. Chacheza tu."

Mambo yalikuwa mazuri mpaka walipoanza kurudi. Mvua ya masika haibishi hodi. Wingu lilikuwa kule, mara likawa hapa, na maji yakashuka kama yaliyomwagwa kwa ndoo. Ufuo ukatoweka. Hoteli zikatoweka. Hata pua ya boti ilionekana kwa shida.

"Msihofu," Mwarandu akawaambia wageni. "Dira ipo."

Akainama, akaitazama. Dira ilimwambia nyumbani ni kushoto. Akakata kushoto. Akaitazama tena: bado nyumbani ni kushoto. Akakata zaidi, kisha zaidi, na sindano ile haikutikisika hata chembe.

"Usukani una ugonjwa gani leo?" akanong'ona.

"Tunazunguka," Jumwa akasema.

"Hatuzunguki."

"Mume wangu, ile kofia ya mtu inayoelea pale nimeiona mara ya pili."

Kimani akatoa simu yake kutoka kwenye mfuko wa nailoni. "Ngojeni, ngojeni. Ramani." Akaitazama muda mrefu. Mtandao ulikuwa umeshikwa na mvua kama wao, ramani haikufunguka. Kilichoonekana ni nukta moja tu.

"Tuko wapi?" Roseline akauliza.

"Tuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwa buluu," akasema Kimani kwa unyonge. "Pande zote ni buluu."

Hakuna aliyecheka. Upande mmoja, huwezi kujua upi, mawimbi yalikuwa yakivunjika miambani, na hakuna aliyetaka kwenda kuwaona jirani hao. Wufa ilikuwa bado inadunda. Jumwa akapita katikati ya watu, akainama chini ya usukani, akavuta waya.

"Sasa tusikilize," akasema.

Mwarandu akapunguza injini. Mvua ilikuwa ikipiga turubai. Chini ya mvua, ngurumo ya miamba, ambayo ilionekana kutoka kila mahali. Kisha, mbali sana, nyembamba, lakini kila neno likiwa safi, ikaja sauti ya mwanamume:

"Wewe uliyepotea! Rudi nyumbani! Mlango u wazi!"

Roseline akashika kifua. "Yesu wangu."

"Siye," Jumwa akasema. "Ni mchungaji Erastus. Wana mkutano wa injili pale ufuoni, nimewaona asubuhi wakifunga vipaza sauti juu ya mti. Mwarandu, mfuate!"

"Njoo! Njoo hivyo hivyo ulivyo!" sauti ikaita, na Mwarandu akaelekeza pua ya boti kwake.

Walikwenda polepole, wote wamenyamaza, masikio yote upande mmoja. Kisha mchungaji akanyamaza, na kwaya ikapokea. Balaa. Gitaa la besi lilidunda hewani lakini halikusema linatoka wapi. Lilikuwa mbele, lilikuwa nyuma, lilikuwa tumboni mwa boti. Mwarandu akasimamisha injini.

"Simsikii mtu wangu," akasema. "Namsubiri mchungaji."

Roseline hakuwa mtu wa mikutano. Jumapili alizopata nafasi alizilalia. Lakini sasa alivua taji lake la karatasi lililolowa, akafumba macho na kuomba kwa sauti:

"Ee Mungu, kwaya iketi. Na mahubiri leo yawe marefu."

"Amina!" wakaitikia wote, na Kimani alishinda wote.

Ombi lilisikika. Mchungaji Erastus alirudi na nguvu mpya, akahubiri juu ya kondoo, juu ya sarafu, juu ya mwana aliyekula na nguruwe, na kila mfano ukawavuta karibu kidogo. Alipofika kwa yule baba anayekimbia kumpokea mwanawe, boti ikakwaruza mchanga.

Waumini waliokuwa wamejibana chini ya mahema waliona kitu ambacho walikisimulia muda mrefu baadaye. Kutoka ndani ya mvua nyeupe, baharini ambako hapakuwa na kitu, walitokea wanawake waliovaa rangi ya chungwa na taji za dhahabu, mmoja amebeba keki, na nyuma yao mwanamume mzima aliyebeba mgongoni kijana mwenye viatu vyeupe.

Mchungaji akashusha kipaza sauti. Kisha akakipandisha.

"Wapendwa, mmetoka wapi?"

Roseline alikipokea. Maji yalikuwa yakimtiririka puani. "Tulikuwa tumepotea," akasema, sauti ikitetemeka kwa baridi, "tukasikia sauti yako ikituita. Tukaifuata. Tumefika."

Mahema nusura yang'oke. Watu waliruka, wakalia, wakakumbatiana. Jumwa alitaka kueleza habari ya dira na mvua, lakini kwaya ilishaanza, na hakuna neno hata moja la Roseline lililokuwa la uongo. Basi naye akaingia katika wimbo kwa sauti ya kwanza. Keki ikakatwa papo hapo, mchungaji akapewa kipande kikubwa.

Mvua ilipokatika, Kimani akaenda kuitoa wufa botini. Mwarandu alikuwa akitazama dira alipoona sindano, ambayo kutwa nzima ilikuwa imekaza shingo, inaanza kulifuata sanduku. Kimani akaenda kulia, sindano kulia. Akaenda kushoto, sindano kushoto.

"Hebu rudi hapa," Mwarandu akasema. Kimani akarudi, na sindano ikarudi naye.

Wakatazamana.

"Sumaku," Kimani akasema. "Spika zote ziko nayo, lakini hii ni kubwa sana. Aki mzee, kwa matatu hakuna dira."

Mwarandu akakaa kwenye ukingo wa boti. Alikuwa mtu wa majigambo, lakini hakuwa mtu wa ubishi wa bure. "Jumwa!" akaita.

"Abee!"

"Visahani vyako vimeshinda."

Jaribio la mwisho halikuhitajika, ila Kimani alitaka kujua, kwa hiyo akaiunga wufa na betri pale pale mchangani. Karatasi ya koni ilikuwa imevimba kwa maji. Ikatoa mlio wa mbuzi anayefungwa kamba. Walicheka hadi Roseline akasema mbavu zake zinahitaji muuguzi, na kwa kuwa haikurudi kavu, Kimani na Mwarandu wakakubaliana kuigawana hasara kama ndugu.

Jumatatu wakazifunga spika nyeupe vizuri, waya zikapitishwa ndani ya bomba, mbali na dira. Mwarandu bado alikuwa na wasiwasi kama zina nguvu. Akashuka botini, akaanza kutembea ufuoni kwenda mbali, mkono sikioni, ili apime.

"Ongeza!" akapiga kelele.

Jumwa akaongeza.

"Ongeza kidogo!"

Jumwa akaona sasa yatosha. Akapunguza. Mwarandu akazidi kwenda, akapita miavuli ya hoteli, akapita wauza vinyago, akageuka na kuinua kidole gumba. Jumwa akapunguza tena. Kisha akazima kabisa, akakaa, akajimiminia chai.

Kule mbali mumewe alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini sana.

"Hapo!" akaita kwa furaha. "Hapo hapo! Usiguse tena!"