Mia Tano za Kuniketisha

Mimi ni mshairi, na hakuna mwalimu anayeweza kujidai kwamba alinifundisha. Mizani nilijifunza peke yangu, nikihesabu kwa vidole mashairi ya magazeti makuukuu ambayo Faki, mwuza nyama wa Migwani, alitufungia nayo nyama. Kwa hiyo kamati ya harambee ya kumchangia baba matibabu iliponipa dakika tano za kusoma shairi, sikushukuru. Niliona wamechelewa kuniita.

Tena nilikuwa na hasira nao. Baba yangu, Nzomo, alikuwa na kansa ya mapafu. Daktari alitamka wazi mbele yangu na mama: aende Nairobi akapigwe mionzi wiki sita, na asikawie. Pesa hatukuwa nazo. Lakini kadi za harambee zilipochapishwa, mwaka ule wa 1986, kamati iliandika "ugonjwa wa kifua." Mwenyekiti alisema neno kansa litafukuza watu. Nani atatoa shilingi yake kwa mtu anayehesabiwa kuwa ameshakufa?

Hapo ndipo walipokosea. Kwetu mtu akiambiwa kifua, anasikia TB. Watu walikuja, uwanja wa kanisa ukajaa, lakini kwenye benchi la mbele baba alikaa na mama tu. Waliotoa walirusha noti ndani ya karai kwa mkono ulionyooshwa mpaka mwisho, wakarudi kivulini haraka. Hakuna aliyempa baba mkono. Saa nane ilipofika, karai lilikuwa halijafika nusu.

Mgeni wa heshima alikuwa Muthama, mwenye mabasi mawili na duka la jumla, aliyeuza sigara kwa katoni kutoka Migwani hadi Kyuso. Alijuana na baba tangu ujana, kwenye kambi ya barabara kule Salama, baba akiendesha greda naye akiwauzia wafanyakazi chai na sigara.

Faki ndiye aliyeendesha mnada. Jogoo mmoja alikuwa ameuzwa mara tatu, kila mnunuzi akimrudisha auzwe tena. "Huyu jogoo ametembea leo kuliko mwanasiasa!" Faki alisema, watu wakacheka. Kisha akaniita.

Nilisimama, nikafungua karatasi, nikasoma kwa sauti iliyofika hadi kwenye ua, ambako vijana walikuwa wakivuta:

*Si mchawi si jirani, si hewa ya barabara,*
*Ni kansa ilo pafuni, imeletwa na sigara,*
*Vijana wa uwanjani, zimeni hiyo hasara...*

"Mia mbili!" Muthama aliita, mkono juu. "Mia mbili, mshairi aketi!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Katika harambee zetu kila kitu kinauzwa, hata maneno ya mtu. Ukilipa, msemaji anaketi. Anayetaka aendelee lazima alipe zaidi.

"Mia mbili kijana aketi!" Faki alidaka. "Nani anataka asimame?"

Ndila, kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba, aliinuka. "Mia mbili na hamsini. Asome! Tumekuja kusikia, hatukuja kulala."

"Mwaitu, mama yangu, hizo pesa umetoa wapi?" Muthama alimtania. "Mia tano. Aketi."

Akina mama walinong'onezana, wakafungua vifundo vya leso, wakatikisa vichwa.

"Mia tano mara ya kwanza," Faki alisema, bila kunitazama usoni. "Mara ya pili."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwambia Muthama kwamba mimi siuzwi, wala hana katoni za kutosha kuninunua. Lakini sheria ya mchezo niliijua: nikikataa kuketi, mia tano inarudi mfukoni kwake. Nikalitazama karai. Nikamtazama baba, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Nikaketi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Muthama alitia noti zake kwenye karai, lakini hakuwa anacheka tena. Hapo baba akashika bega la mama, akainuka.

"Faki, na mimi nina bei yangu?"

Faki alimwangalia Muthama. Muthama alitia mkono mfukoni, akauacha humo humo. Nani angemnunua mgonjwa aketi katika harambee yake mwenyewe?

"Sema, mzee," Faki alisema polepole.

"Muthama, nimevuta sigara zako miaka ishirini," baba alisema. Kila baada ya maneno matatu alipumzika. "Hukunishika mkono unilazimishe. Pesa nilitoa mimi. Lakini hawa watu wanakaa mbali wakidhani nina TB. Sina TB. Ni kansa, kama mtoto alivyosoma. Haiambukizi. Nimekaa hapa tangu asubuhi, na hakuna mtu amenisalimia."

Kikohozi kikamshika. Tulingoja mpaka kikamwachilia.

Ndila ndiye aliyekuja kwanza. Alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akapitia kwenye karai. Nyuma yake wakaja wenzake wa mwethya, wazee wa kanisa, hata vijana wa uani. Wawili walikuwa bado na sigara sikioni. Wengine walitoa mara ya pili, na karai lilipojaa Faki akavua kofia yake akaiweka kando ya karai.

Muthama alikuja wa mwisho. Nilisogea nisikie, maana nilikuwa nimemwandalia jibu.

"Nzomo," alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi nakohoa. Tangu mwezi wa nne."

Baba hakuuachilia mkono wake. "Damu?"

"Kidogo."

"Basi tutaondoka na basi lako Jumatatu. Tutakaa pamoja, daktari akuangalie na wewe."

Nikarudi nyuma, nikawaachia nafasi. Faki alikuja akanigusa kiwiko. "Mshairi, mstari wako mmoja umebaki. Usome sasa, bure, hakuna atakayekununua."

Nilifungua karatasi. Mstari wa nne ulikuwa na jina langu, Ndeti, ili watu wajue fundi ni nani. Niliusoma kimya, nikahesabu mizani. Yote ilikuwa sawa. Nikaikunja karatasi, nikaenda kumsaidia mama kubeba karai.