Pini za Mgongoni

Shati lilikuwa kubwa. Nilimvalisha kaka yangu palepale kitandani, nikafunga vifungo vyote hadi shingoni, na mwili wake ukapotelea humo ndani kama mkono ndani ya gunia. Wageni walikuwa wameshaingia wodini, upande wa mlangoni, wanasalimia kitanda kwa kitanda.

"Hilo ni shati au hema?" akauliza Mzinga, mzee wa kitanda cha jirani. Zamani alikuwa mpiga mizinga, na ulimi wake bado unafyatua. "Tungekuwa nalo kule mpakani, kikosi kizima kingelala pakavu."

Kaka hakucheka. Alinitazama.

"Dogo, ulinipima lini?"

Nina upara na wajukuu, lakini kwake mimi ni Dogo mpaka leo.

"Sikukupima," nikamwambia.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja nampima kwa tepu, mtu wa nyumbani namkata kwa macho. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu nilipoacha shule, na sijawahi kumharibia nguo mke wala mtoto. Kaka naye nilimkata kwa macho. Tatizo, macho yenyewe yalikuwa ya zamani. Kila nilipokanyaga cherehani nilikuwa namwona yule kijana aliyeondoka nyumbani na begi la turubai begani, akainama mlangoni asigonge kichwa. Tangu siku ile akawa wa jeshi. Alikuja likizo, akala, akalala, akaondoka. Alipostaafu, kipande cha chuma cha vitani alichokaa nacho mgongoni miaka yote kikaanza kutembea, na hospitali ikampokea pale jeshi lilipomwachia.

Sasa chuma kilikuwa kimetolewa. Daktari alisema kidonda kikitulia hadi Jumatatu, aende nyumbani. Nilikuwa nimeshatoa cherehani chumba cha mbele, nikaweka kitanda chini ya dirisha, maana aliniambia anataka kusikia watu wakipita. Mke wangu alifua mashuka, akayatandika, akayatandua, akayafua tena. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kumsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, nijue yupo.

Yeye alikuwa na lake. Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walituma habari kwamba wanakuja kuwashukuru askari wa zamani, na kaka akaagiza shati.

"Sitashukuriwa nikiwa na gauni la hospitali lisilofunga nyuma," aliniambia. "Hakuna aliyewahi kunishukuru. Nikishukuriwa, niwe nimevaa."

Asubuhi ya siku hiyo ya wageni nesi alimwonya mbele yangu. "Mzee, wageni uwapokee ukiwa umeegemea mito. Ukikaa wima muda mrefu, nyuzi zitaachia."

Nafasi ya kurudi kushona haikuwepo. Nikafanya tunachofanya dukani mteja anapotaka kujiona kwenye kioo kabla nguo haijaisha: nikakusanya kitambaa chote kilichozidi, nikakivuta mgongoni, nikakibana kwa pini kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kwa mbele shati likamkaa kana kwamba limezaliwa naye. Mzinga akapiga mluzi.

"Sasa usiegemee, kaka. Pini zitakuingia."

"Siegemei."

"Lakini nesi amesema..."

"Nimemsikia. Mimi nina masikio, siyo kama huyu." Akamnyooshea Mzinga kidole.

"Mimi nasikia ya maana tu," Mzinga akajibu.

Nilidhani itakuwa ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini wale watu hawakuwa na haraka, na kwa hilo siwezi kuwalaumu. Walikaa na kila mzee, wakampa taulo na sabuni, wakamuuliza alipigana wapi, wakasikiliza mpaka mwisho. Mzinga peke yake aliwasimulia vita vizima, na kila walipotaka kuinuka akaongeza adui wengine. Kitanda cha kaka kilikuwa kwenye kona, cha mwisho. Alikaa kama nguzo. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

Nikamwinamia. "Nizichomoe?"

"Gusa pini uone. Nitakuvunja vidole, ushone kwa meno."

Hatimaye akaja mama mmoja wa makamo, mpakiaji wa sabuni, mikono imekauka kwa magadi. Hakushika karatasi ya kusomea.

"Mzee wangu," akasema, "nimelea watoto wangu wote bila kukimbia usiku na mzigo kichwani. Wapo wanaokimbia. Mimi sikukimbia. Asante."



"Rudia, mama," kaka akasema.

Mama akarudia, polepole, neno kwa neno. Kisha akafungua mikono amkumbatie. Nikaingiza mkono wangu katikati upesi.

"Mpe mkono tu, mama. Ana kidonda."

Wakashikana mikono, na wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia.

"Mtazameni anavyokaa," mama akawaambia wenzake. "Askari ni askari."

Walipotoka nikaanza kuchomoa pini. Za juu zilitoka safi. Za kiunoni zilitoka na damu, na haikuwa damu ya kuchomwa na pini. Nesi akaja, akaangalia, asigombe. Afadhali angegomba.

Jumatatu hakwenda nyumbani, alirudishwa chumba cha upasuaji. Walimshona upya. Daktari hataji siku tena, anasema tuangalie kwanza. Mke wangu ameyatandua mashuka.

Nilipokwenda kumwona nilimuuliza kama ilistahili.

"Nipunguzie shati," akasema. "Watakuja tena."

"Na nyumbani je?"

"Nataka kurudi nyumbani kuliko wewe unavyotaka nirudi, Dogo. Pima."

Basi nikatoa tepu. Akalala ubavu, nikampima kama mteja, nikisoma kwa sauti kama tunavyosoma dukani.

Shingo, inchi kumi na nne. Nilikuwa nimekata kumi na saba.

Mabega, kumi na sita. Nilikuwa nimekata kumi na tisa.

Kifua, thelathini na nne. Nilikuwa nimekata arobaini na mbili.