Mkono wa Balozi

Itangazwe kwa wote wenye masikio: Balozi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ujenzi, alikuwa bingwa wa Kiingereza. Alikijua chote kinachohitajika kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kwani miaka minne ya bweni haikumdai zaidi ya hapo.

Tatizo, alishajitangaza. Kila baada ya mhadhara wenzake watatu walimzunguka kwenye ngazi, madaftari wazi, binamu yake Mrefu akiwa mbele. Mrefu alikuwa anarudia mwaka. Akifeli mtihani wa Jumatatu, anafungasha virago.

"Haya, mkalimani, Profesa kasema nini?" aliuliza juzi.

"Kasema kila msingi, uwe wa kibanda au wa ghorofa, lazima upumzike siku tatu, Jumapili ikiwemo," Balozi alijibu bila kupepesa jicho.

Mrefu akaandika, akapigia mstari mwekundu. "Binamu, bila wewe ningekuwa nimekwisha."

Neno hilo lilimfuata Balozi hadi kitandani. Ijumaa hii akaketi ukumbini, Mrefu pembeni yake. Profesa alimwaga Kiingereza kama bomba lililopasuka, naye akashikilia mbinu yake ya siku zote: kumtazama Dada Miwani, binti wa mstari wa mbele. Akicheka, Balozi anacheka. Akitikisa kichwa, Balozi anatikisa.

Profesa akauliza jambo. Dada Miwani akainua mkono. Wa Balozi ukapaa, tena juu kuliko wake.

Ukumbi mzima, mikono ilikuwa miwili tu. Profesa akamnyooshea kidole Balozi, akasema kitu, akasubiri. Balozi akatabasamu. Profesa akaendelea kusubiri.

Dada Miwani akageuka. "Kauliza nani hajaelewa. Sasa anataka useme ni wapi hukuelewa."

"Mkalimani hajaelewa?" Mrefu akaangua kicheko pembeni yake. "Mwambie ulikuwa unajikuna kwapa, bwana!"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa. Lakini daftari la Mrefu nalo lilikuwa wazi, na ule mstari mwekundu ulimkodolea Balozi macho.

"Mwambie kila mahali," akamwambia Dada Miwani. "Tangu wiki ya kwanza."

Kisha akamgeukia binamu yake, ambaye kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Na ule msingi wa siku tatu, ufute. Niliupumzisha mimi, si Profesa."