Majibu Arobaini ya Hodi

Jumatatu, saa nne kasoro robo asubuhi, muuguzi Warda alifika Magomeni na mkoba wake wa bandeji, akavua kandambili mbele ya nyumba ya Mzee Asadi, akapiga hodi. Mlango ulikuwa wazi na pazia limefungwa fundo, kwa hiyo walionana vizuri. Mzee alikuwa kitandani, mguu wa kushoto juu ya mto, kidonda chake cha sukari kikisubiri kuoshwa kama kila siku. Alifungua kinywa. Taya likacheza, sauti haikutoka.

"Hodi," Warda alisema mara ya pili.

"Nakusikia, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, baba. Hodi."

Mzee akafungua kinywa tena, bure. Hodi tatu zilikuwa zimekwisha. Warda akavaa kandambili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sauti hiyo ya kuitikia hodi ilikuwa imekatwa Ijumaa, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vyandarua, alikofanya kazi Latifa, binti wa mzee. Vijana kumi na wawili walikuwa wakijenga humo kipande cha gemu kubwa la kampuni ya ng'ambo. Kipande chao kilikuwa kijiji cha mtoni, na Latifa alikiiga Kitaya, alikozaliwa baba yake: mihogo imeanikwa juu ya mabati, Ruvuma ukipita, Msumbiji ng'ambo ya pili. Alimrekodi mzee akiitikia hodi kwa namna arobaini. Karibu. Ingia ndani. Pita tu, nlango wangu haung'ati. Mzee alirekodi siku nzima, na jioni akadai bado anazo nyingine, akiba.

Katika kazi ile, kila kilichokatwa kwenye gemu kilimwondoka pia aliyekitoa. Isihaka, kiongozi wao, aliwapa wanakijiji wote kivuli chake. Vivuli vilipokatwa mwezi wa tatu, akabaki hana. Alisema kivuli hakina kazi ofisini. Mwenzao Glory alitoa kicheko, nacho kikakatwa; sasa alicheka kwa mabega.

Latifa alimfuata Warda nyumbani kwake usiku.

"Ingia tu, dada. Mimi mwenye nyumba nimeruhusu."

"Mchana nyumba ile haina mwanamke," Warda alisema, akipepeta mchele. "Nimepewa hodi tatu. Nisipokaribishwa, narudi."

"Basi nakukaribisha sasa hivi. Karibu kesho."

"Karibu ya leo haifungui mlango wa kesho. Mwachie mtu pale."

Hakukuwa na mtu wa kumwachia. Yeye mwenyewe, kwa wiki sita za mwisho kabla gemu halijatoka, hakuruhusiwa kutoka ofisini kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na mshahara wake ndio ulionunua dawa za mguu ule ule.

Asubuhi alimkabili Isihaka. Isihaka alikuwa mtoto wa wakulima wa Mpapura, akaeleza kama mkulima.

"Gunia la gemu ni moja, Latifa. Korosho zimejaa mpaka mdomoni. Ukiongeza konzi, lazima umwage konzi."

"Kwa nini umwage za baba yangu?"

"Kampuni iliwapa watu elfu moja wajaribu. Mia tisa tisini na saba walisukuma mlango wakaingia. Watatu ndio waliosubiri kujibiwa."

"Na hao watatu?"

"Wachache."

Latifa akaapa kimoyomoyo kwamba atapata konzi yake. Aliwapunguza samaki waliokuwa chini ya maji, akawang'oa mbuzi wawili nyuma ya msikiti, akarudisha jibu moja kati ya arobaini, fupi kuliko yote. Jumatano saa nne Mzee Asadi alisema "Karibu," Warda akaingia, akaosha kidonda, akatikisa kichwa alipoona rangi yake. Siku hiyo mama mmoja wa Mpapura, ambaye mbuzi wake ndio waliopigwa picha, alipoteza wawili. Aliwatafuta kidogo, kisha akaendelea kupalilia.

Alhamisi gemu likaganda. Kila mchezaji alipofika ukingoni mwa mto, picha ilisimama.

"Ni lile jibu lako," Isihaka alisema. Hakuwa na hasira, hakuwa amelala. "Zimebaki siku sita. Chagua mwenyewe. Tukate jibu, au tukate mwendo wa maji."

Mwendo wa maji ulipigwa picha Kitaya. Wote walijua kule kuna mpunga, kuna ndoo za maji, kuna watoto.

"Kuna ile filamu ya mwanzo," Latifa alisema. "Dakika nne za farasi wanakimbia. Kwa uzito, kijiji chote hakifiki hata nusu yake. Kitaya hakuna hata farasi mmoja."

"Niliiandikia kampuni juzi. Wamejibu filamu haiguswi. Imeshatangazwa."

Latifa alisubiri adhana ya adhuhuri iishe. Kisha akafuta jibu kwa mkono wake. Mto ukaendelea kupita.

Wiki iliyofuata mguu wa mzee ulikatwa, juu ya goti. Daktari alisema umechelewa kuletwa. Isihaka alikuja kumjulia hali, akapiga hodi tatu, akaacha machungwa kizingitini.

Gemu lilitoka na likasifiwa. Waliolisifu waliandika kwamba maji yake ni kama maji kweli.

Mwezi wa kwanza tu, wachezaji wakaanza kufika Magomeni, nyumbani kwa Mzee Asadi. Walivaa deraya za chuma na mabuti kama ndani ya gemu, hawakusalimu. Walisukuma mlango, wakafunua mtungi, wakapekua chini ya mto, wakatoka. Kwa siku walikuwa mia mbili, Ijumaa zaidi. Mzee Asadi alijifunza kuficha miwani. Latifa alibadilisha bawaba mara mbili, kisha akaacha.

Warda hakuacha kuja, maana kigutu nacho kilihitaji kuoshwa. Jumatatu moja alivua kandambili akapiga hodi ya kwanza, ya pili. Mtu wa deraya akampita begani, akausukuma mlango uliokuwa wazi, akaingia.

"Umeamkaje, mwanangu?" aliuliza mzee, akikisogeza kigutu ili yule wa deraya apate pa kupita.

"Salama, baba," alisema Warda. "Hodi."